Mhesabu Hasomi

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba kwetu kila kutajwa kunahesabiwa, anayehesabu ni mimi, na magoti yangu hayapendi tena ngazi za kushukia ghalani. Wewe iite nchi ile tu, hutakuwa umekosea sana.

Naitwa Kibwana Ngoda, na mambo haya yalipoanza nilikuwa Mhesabu Daraja la Pili katika Ofisi ya Taifa ya Kutajwa. Ofisi hii ilianzishwa mwaka ule Serikali ilipogundua kwamba ina wasomi wengi na haina njia ya kujua yupi ni msomi wa kweli na yupi amekuja kunywa chai. Kuzisoma kazi zao kungechukua muda, na Serikali ilikuwa na shughuli. Wataalamu wakashauri jambo jepesi: msomi akiandika makala, na wenzake wakaitaja katika makala zao, basi tuhesabu. Anayetajwa sana ni mkubwa, anayetajwa kidogo ni mdogo, na asiyetajwa kabisa apangiwe vipindi vya saa moja asubuhi.

Kazi ya kuhesabu walipewa watu makini wasio na upendeleo. Ndiyo maana Kanuni ya Nne ya ofisi yetu, iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango, inasema: MHESABU HASOMI. Mhesabu akianza kusoma ataanza kuona kwamba hiki kina maana na hiki ni upuuzi, na hapo hesabu itaingia doa. Kanuni hiyo nimeitii miaka ishirini na tatu. Elimu yote ya nchi imepita mikononi mwangu, na ukiniuliza ilisema nini nitakujibu kwa uaminifu kwamba ilikuwa nzito, hasa magunia ya vyuo vikuu.

Anayetajwa kuliko wote nchini ni Mkuu wa Baraza la Sayansi, Mheshimiwa Profesa Gwakisa Lutego. Ameandika makala moja, inaitwa "Mwanga Huchoka". Humo alithibitisha kwamba mwanga, sawa na kiumbe mwingine yeyote, ukisafiri mbali huchoka, na hiyo ndiyo sababu vijiji vyetu viko gizani wakati mji mkuu unawaka mpaka kwenye vibanda vya mbwa. Si kwamba Serikali ilisahau nyaya. Mwanga wenyewe umeomba kupumzika njiani. Makala ilipotoka, wanasayansi wa dunia nzima waliitaja. Waliitaja kusema kwamba ni uongo. Vyuo vya mbali viliitumia kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi utafiti usivyofanywa. Sisi hayo hatukuyajua, maana hatusomi. Tulihesabu mara elfu tatu mia mbili na kumi, tukampigia ngoma uwanja wa ndege.

Baada ya miaka michache dunia ikachoka kumkanusha na hesabu yake ikasimama. Profesa akaanza kuumwa. Baraza likaketi siku mbili na kutoa Waraka Namba Kumi na Mbili: kila karatasi yenye mhuri wa Serikali iwekwe mstari chini wenye neno REJEA, na mwananchi ajaze hapo jina la msomi ambaye kazi yake imehusika katika jambo lililomleta. Kila jina litakaloandikwa litahesabiwa sawasawa na kutajwa katika makala. Waraka haukumlazimisha mtu jina lolote. Uliweka mfano tu, kwa herufi nzito: Lutego, G., "Mwanga Huchoka".

Watu wetu ni wasikivu. Kibali cha kuchinja mbuzi, Lutego. Leseni ya baiskeli, Lutego. Talaka, Lutego, tena mara mbili, mume na mke kila mmoja kwa nakala yake. Cheti cha kifo cha mzee mmoja aliyepigwa na radi kilimtaja pia, ingawa mwanga uliompata haukuonyesha dalili ya uchovu. Ndani ya miaka minne Profesa alifika elfu themanini na nane. Mwanahisabati mmoja aliuliza katika kikao mtu wa makala moja anawezaje kupita chuo kizima. Alijibiwa vizuri, na sasa anafundisha kujumlisha katika wilaya yenye mbung'o.

Ndipo lilipokuja suala la Dakta Mwatabu Shekalaghe.

Dakta Mwatabu ni mtafiti wa fotoniki, yaani elimu ya kuufanyisha mwanga kazi. Ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, na siku zote alikuwa anapepesa macho kwa sababu alishinda ndani ya Chumba Namba Tisa, ambacho hakina dirisha. Watu walisema ni mchawi, kisha wakaona hana gari wakaacha. Mwezi wa tatu aliitwa mbele ya Profesa Lutego, na mimi nikaitwa na daftari langu.

"Dakta, naambiwa una makala saba," Profesa alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kwa miaka kumi na moja."

"Ndiyo. Moja ilichukua miaka mitatu."

"Miaka mitatu ulikuwa unafanya nini?"

"Kuhakikisha kwamba ni kweli."

Profesa alinigeukia. "Andika, Mzee Ngoda. Matumizi mabaya ya muda. Na ametajwa mara ngapi?"

"Arobaini na moja, Mheshimiwa. Sita amejitaja mwenyewe."

Profesa alifumba macho kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Alipoyafumbua alieleza kwa upole kwamba ghala la chini limejaa magunia ya kutajwa kwake, kwamba taifa linahitaji mahali pakavu pa kuyahifadhi, na kwamba Chumba Namba Tisa ni kikavu. Kwa kuwa yeye si mtu wa kuonea, alimpa Dakta hadi Siku ya Hesabu, tarehe thelathini Juni. Akifikisha mara mia tatu, atabaki na chumba. Asipofikisha, atapewa meza kwenye korido, karibu na jokofu la soda.

"Mheshimiwa, kazi yangu haifanyiki kwenye korido," Dakta alisema. "Chumba lazima kiwe na giza."

Akatoa mashine kwenye mkoba. Ilikuwa ndogo, inakaa kiganjani. Alieleza kwamba watoto wengi wachanga hupata ugonjwa wa manjano siku za kwanza, na kwamba kwa ngozi zetu macho hayaoni mapema. Zamani mtoto alichomwa sindano, damu ikasafirishwa mjini, majibu yakarudi wakati mwingine mtoto ameshaharibika ubongo. Mashine hii humulika paji la uso, mwanga unaorudi unapimwa, namba inatokea papo hapo. Kumi na mbili, kaa macho. Ishirini, kimbia. Mtoto akiwekwa chini ya taa ya bluu mapema, siku tatu anakwenda nyumbani na mama yake.

"Lakini kila baada ya miezi mitatu lazima mashine irudi kwangu," alisema. "Taa yake ndogo huzeeka, ikaanza kutoa namba ndogo kuliko ukweli. Naipima gizani kwa kipande cha kioo cha manjano ambacho namba yake naijua, naisahihisha, inarudi kazini."

Profesa aliinuka kidogo kitini. "Kumbe mwanga huchoka."

"Taa ndiyo huzeeka, Mheshimiwa. Mwanga hauchoki."

Nikajifanya kuchonga penseli.

"Nani anatumia kidude hiki?" Profesa aliuliza hatimaye.

"Wakunga. Hospitali ishirini na mbili."

"Wameandika makala?"

"Wanazalisha, Mheshimiwa."

"Sikuuliza wanafanya nini. Nimeuliza wameandika makala."

Hawakuwa wameandika. Hapo ndipo nilipoielewa shida yake: wanaoitumia kazi yake hawaandiki, na wanaoandika hawaitumii.

Nilimhurumia. Mhesabu hasomi, lakini hakuna kanuni inayomkataza kuhurumia; nadhani waliisahau. Tulipotoka nilimwita pembeni.

"Mwanangu, una makala nene mno," nilimwambia. "Wenzako hawaweki ng'ombe mzima mezani, wanauza kwa kilo. Ile ya miaka mitatu ungeikata vipande tisa, kila kimoja kikataja vinane vilivyobaki. Hapo tu una sabini na mbili."

"Mkunga atasoma tisa ili apate moja?"

"Nani kasema zinasomwa?"

Nikamwambia kuhusu upatu. Huo upo, ingawa katika vitabu vya chuo unaitwa Jukwaa la Ushirikiano wa Kitaaluma. Upatu wa mama zetu unajulikana: kila mwezi wote wanatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka. Wasomi wetu waliutazama wakaona ni mfumo mzuri, wakatoa fedha wakaweka kutajwa. Mwezi wa zamu yako, wenzako wote wanakutaja. Mwezi unaofuata wewe na wengine mnamtaja anayefuata. Hakuna anayedhulumiwa. Aliyepokea akatoroka hutangazwa vyuo vyote, na mtu huyo hata mkwe hampati.

Alhamisi nilimpeleka kwenye kantini ya chuo, baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti alikuwa Dakta Mchopa wa magonjwa ya kuku, mtu mkarimu sana, ambaye makala zake zimewataja wataalamu wa madaraja, wa sheria za ndoa na wa vimondo. Walikuwa kumi na mmoja pamoja naye. Waliposikia shida ya Dakta Mwatabu waliguswa kweli, wakakubali apokee mwezi wa tano, kabla ya zamu yake, na kila mmoja amtaje mara ishirini na tano. Nikapiga hesabu pale pale: mia mbili sabini na tano, ongeza arobaini na moja, amevuka na chenji inabaki. Nilifurahi kana kwamba ninaozesha.

"Kuna kiingilio kidogo tu," Dakta Mchopa alisema, akimsogezea sahani ya maandazi. "Mlezi wetu ni Profesa. Kila makala ya mwanachama humtaja mara moja, 'Mwanga Huchoka'."

"Nimtaje wapi?"

"Popote, dada. Mimi nimemtaja kwenye mdondo wa kuku."

Dakta Mwatabu aliweka andazi chini. "Makala yangu inayofuata inaeleza taa ya bluu ikae umbali gani kutoka kwa mtoto. Nikiandika humo kwamba mwanga huchoka njiani, mkunga ataishusha taa imkaribie mtoto. Atamwunguza."

"Hakuna anayesoma, dada yangu. Mimi mwenyewe zangu mbili za mwisho sijazisoma."

"Wanaosoma zangu ni wachache, Dakta. Lakini kila mmoja wao ana mtoto wa mtu mkononi."

Wanaupatu walitazamana. Mtaalamu wa madaraja alikohoa. Mwenyekiti akasema, bila hasira, kwamba chama kinaheshimu msimamo wake, na kwamba sahani ya maandazi ni ya wanachama. Tulirudi kwa miguu. Nilimkasirikia sana siku ile. Niliona ni mtu mwenye kiburi cha ukweli, ugonjwa ambao kwetu ulikuwa umekwisha.

Juni ikaingia. Nikapewa amri ya kufunga magunia ya ghalani tayari kuhamia Chumba Namba Tisa, maana hakuna aliyekuwa na shaka. Nilishuka ngazi zangu asubuhi, nikaanza na magunia ya hospitali, yaliyojaa tangazo la kizazi, ile fomu inayojazwa mtoto akizaliwa. Yalikuwa yamerundikwa miaka minne bila kuguswa, kwa kuwa kila mtu alijua yana jina gani.

Mtu anayehesabu hatazami maneno, anatazama umbo. Umbo la Lutego nalijua: fupi, linaanza juu linaishia duara. Nikawa napeleka kidole. Lutego, Lutego, Lutego. Kisha kidole kikakwama. Umbo lilikuwa refu, na halikuwa peke yake. Fomu iliyofuata, refu. Iliyofuata, refu. Nikaketi juu ya gunia, nikatazama huku na huku, nikavunja Kanuni ya Nne.

"REJEA: Shekalaghe. Mashine yake na. 17 ilisema 19. Kwa macho nisingejua. Kawekwa taa siku tatu, kapona."

Mwandiko ulikuwa wa kulala, wa mtu mwenye haraka. Nilisoma nyingine, na nyingine. Ilisema 21, tukakimbia naye. Ilisema 16. Ilisema 4, mama akacheka. Miaka ishirini na tatu nilikuwa nadhani karatasi hazina sauti. Nilisoma mpaka nikafika kwenye fomu ya mtoto wa kike wa Tatu Kibwana Ngoda. Tatu ni binti yangu. "REJEA: Shekalaghe. Ilisema 20. Babu yake alikuwa nje anapiga hesabu za pilau, hatukumwambia." Sioni haya kusema kwamba nililia, na fomu ile ikapata madoa ambayo sijui kanuni inayahesabuje.

Mchana huohuo nilikwenda hospitali. Mwenye mwandiko alikuwa Bi Apolonia, mkunga wa miaka thelathini na moja, ambaye ukimsalimia anakutazama kwanza kama huna mimba.

"Kwa nini hukuandika Lutego?" nilimwuliza.

"Fomu imeuliza kazi ya nani imehusika," alisema, akiendelea kukunja shuka. "Nikaijibu fomu."

"Basi?"

"Kulikuwa na jingine? Na wenzangu nikawaambia kwenye semina, fomu ikikuuliza, ijibu."

Zilikuwa elfu moja mia nane sitini na sita. Nilizihesabu mara tatu.

Siku ya Hesabu hufanyika katika ukumbi mkubwa. Wasomi hukaa kwa namba zao, wakubwa mbele kwenye sofa, wa katikati kwenye viti vya plastiki, na wenye chini ya mia husimama nyuma karibu na choo. Dakta Mwatabu alisimama nyuma. Alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye maboksi mawili. Profesa Lutego alihutubia saa moja na nusu kuhusu unyenyekevu, kisha akaniita nisome matokeo.

Nilisoma elfu themanini na nane za Profesa, wakapiga makofi hadi nikakaa chini nikainuka tena. Kisha nikasema, "Shekalaghe, Mwatabu. Kwa mujibu wa Waraka Namba Kumi na Mbili, elfu moja mia tisa na saba. Ni wa pili nchini."

Wa tatu alikuwa Dakta Mchopa, mwenye mia sita. Nilimtazama Profesa. Ninajua alichokuwa anafikiri, kwamba akiukana waraka ule kwa huyu, ataukana kwake mwenyewe, na mbuzi wote wale na baiskeli zote zile zitamwacha. Lakini mtu hafiki pale alipo kwa kuwa mjinga wa mambo yake. Alisimama, akafungua mikono, akatembea mpaka nyuma ya ukumbi, nami nikimfuata na daftari langu, akamkumbatia Dakta Mwatabu karibu na choo.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa limempata binti yake. Waraka Namba Tatu unasema wazi: anayevuka elfu moja ni Mtajwa wa Taifa. Mtajwa wa Taifa hafanyi kazi za mikono, asije akaivunjia heshima namba yake. Atapewa ofisi ya zulia ghorofa ya nne, mapazia mawili, na ujumbe katika kamati saba. Na Chumba Namba Tisa, mahali alipoteseka miaka kumi na moja gizani, hakitakuwa ghala. Nasema hapana. Kitakuwa Makumbusho ya Kutajwa Kwake."

Ukumbi ulisimama kwa makofi. Nami nilipiga, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nilidhani nimemwokoa.

"Mheshimiwa," Dakta Mwatabu alisema, na waliosikia ni sisi watatu tuliokuwa karibu. "Mashine nitazisahihishia wapi?"

"Mashine zimeshakutaja, Dakta," Profesa alimjibu kwa huruma. "Zimemaliza kazi yake."

Makumbusho yalifunguliwa mwezi wa saba kwa utepe. Kile kioo cha manjano kiliwekwa kwenye kabati, kikaandikwa "Kioo. Matumizi hayajulikani." Mimi, kwa kuwa nimelipatia taifa Mtajwa mpya, nilipandishwa Daraja la Kwanza na kuwekwa mlangoni kuhesabu wageni. Mwezi wa kwanza walikuwa wanne, wawili wakiwa wamepotea njia ya kwenda maliwatoni. Dakta Mwatabu alipelekwa ghorofa ya nne, Kamati ya Kuandaa Mwongozo wa Kamati.

Na habari njema zikaanza kumiminika. Mwezi wa saba, katika watoto mia, thelathini na mmoja walikuwa na manjano. Mwezi wa tisa, kumi na wanane. Mwezi wa kumi, saba. Mwezi wa kumi na moja Baraza lilitangaza kwamba ugonjwa wa manjano umetokomezwa nchini, kwa mujibu wa mashine ishirini na mbili za kisasa, na Profesa akavishwa nishani ya afya.

Wiki ya nishani, Bi Apolonia alikuja makumbusho. Hakutazama maonyesho. Aliweka mashine namba 17 juu ya meza yangu.

"Mashine hii inasema tano," alisema. "Kwa kila mtoto inasema tano. Jumatatu ya wiki iliyopita nimezalisha mtoto, jina lake Shani. Inasema tano. Siku ya pili tano. Siku ya nne nikamweka dirishani, nikamwona macho yake ni binzari. Tukampeleka mjini na gari la mkaa, damu ikapimwa. Ishirini na nane."

Nikamwuliza kama yuko hai.

"Yu hai," alisema. "Masikio yake ndiyo hayako hai. Nagonga sinia nyuma ya kichwa chake, hageuki."

Nilihesabu vigae vya sakafu. Nilifanya hivyo kwa sababu ndicho ninachoweza. Mimi ndiye niliyepeleka magunia yale ukumbini, mimi ndiye niliyesoma namba ile kwa sauti, na kama ningenyamaza Dakta angekuwa koridoni karibu na jokofu la soda, mahali ambapo angalau mtu angeweza kumfikia.

Nikapanda ghorofa ya nne. Kamati ilikuwa inajadili kama neno "mwongozo" liandikwe kabla ya neno "kamati". Nikamwambia Dakta Mwatabu mbele ya wote, kwa sauti ya kiofisi, kwamba kwa mujibu wa itifaki Mtajwa wa Taifa ana haki ya kuyatembelea makumbusho yake saa yoyote, na kwamba kutoyatembelea ni kulidharau taifa. Mwenyekiti alikubali mara moja, hata akamsihi aende. Tuliposhuka ngazi nilimwambia habari za Shani. Alisimama kwenye ngazi, mkono ukutani.

"Kabati lina ufunguo?" aliniuliza.

"Ninao."

"Na dirisha hawajatoboa?"

"Bajeti haikutosha."

Tangu mwezi ule makumbusho yetu yamependwa kuliko yote nchini. Wageni ni akina mama wa makamo, wanatoka kila wilaya, wakiwa na vikapu vilivyofunikwa kwa khanga. Wanaingia mmoja mmoja, wanafunga mlango, wanakaa dakika arobaini, wanatoka na vikapu vyao. Kila Alhamisi Mtajwa wa Taifa anakuwepo mwenyewe ndani, anajitembelea. Profesa Lutego alisoma takwimu zangu katika hotuba na kusema wakunga wetu wana kiu ya historia. Siku moja alikuja mwenyewe hadi mlangoni.

"Wanafanya nini humo muda wote huo, Mzee Ngoda?"

"Wiki hii wameingia kumi na wawili, Mheshimiwa, na wametoka kumi na wawili."

"Wanafanya nini, nakuuliza."

Nilimwonyesha kidole maandishi mekundu, ambayo nilikuwa nimeyahamishia juu ya mlango huu mpya. Aliyasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Manjano yamerudi, thelathini na mmoja katika mia, magazeti yanasikitika, na Baraza limeunda kamati ya kuchunguza yametoka wapi. Mwenyekiti wake ni Dakta Shekalaghe, na haina haraka.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mwaka huu, Jumanne moja ambayo hatukuwa na wageni, alikuja mwanamke mmoja na binti wa miaka miwili anayetembea. Mtoto aliangusha kibweta changu cha penseli, kikalia korido nzima, nami nikashtuka na yeye hakushtuka. Nikajua ni nani kabla mama yake hajasema.

Nilimsogezea kitabu cha wageni. Nacho kina mhuri wa Serikali, kwa hiyo kina mstari wa REJEA. Mama Shani aliutazama.

"Hapa naandika nini, baba?"

"Jina la msomi ambaye kazi yake imehusika katika jambo lililokuleta," nilimwambia.

Alishika kalamu, akamtazama mwanawe, akafikiri. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni anaziokota penseli moja moja. Kisha mama akaandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la saba, akafunga kitabu, akambeba mtoto wake wakaondoka.

Nilikifungua. Alikuwa ameandika Lutego, G.

Siku hiyo hesabu ya Profesa ilikuwa laki moja na elfu arobaini, mia mbili na sita. Nikaongeza moja, na hiyo niliisoma.